Kadi Ulizoniandikisha, Dada

Dada yangu Konsolata,

Sikuulizi hali. Najua uko sawa. Watu kama wewe huwa sawa. Barua hii sijaifunga kwa gundi, kwa sababu kabla ya kuituma nitaiacha siku mbili kwenye meza ya chai pale kliniki, Gatina, wauguzi wote waisome. Atakayetaka kuwasomea wagonjwa walio kwenye foleni nimemruhusu. Siri zako ulinigawia nikutunzie, ukaondoka. Nimechoka kuzitunza.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo, na nisipoyataja utasema nimeyasahau.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na saba. Wajomba walikaa siku tatu wakijadili nani anichukue, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kumpisha mwenzake. Wewe uliingia, ukakunja nguo zangu ukazitia kwenye mfuko wa plastiki, ukasema, "Huyu naenda naye Nairobi." Hukungoja wamalize. Nilikupenda siku ile kwa namna ambayo sijampenda mtu tena, na hilo ndilo linaloniuma ninapoandika haya.

Tulikaa Makina, Kibera, kwenye chumba cha Hajja Zainabu, mabati kwa mabati na chumba chake mwenyewe. Asubuhi ulipiga pasi yunifomu yako nyeupe kwa pasi ya makaa, ukipuliza majivu yasiangukie kola. Tukatoka kwa miguu, tukavuka Ngong Road, tukapita Dagoretti Corner mpaka kliniki ya Gatina, Kawangware, wewe mbele na viatu vya matope, mimi nyuma nimebeba viatu vyako vya kliniki. Njia nzima watu walikusalimu. "Sista, habari ya asubuhi?" Nami nilijibu kimoyomoyo, kana kwamba nimesalimiwa mimi.

Uliniingiza kliniki kama msaidizi. Ulinifundisha kunawa mikono mpaka kwenye viwiko. Ulinifundisha kumshika mtoto anayechanjwa: "Shika paja, Akinyi, usishike mguu. Ukishika mguu atapiga teke, na sindano ikivunjikia ndani utamwambia nini mamake?" Mpaka leo nashika paja. Mikono yangu yote ni kazi yako, hilo sikatai.

Lakini unamkumbuka yule mama mjamzito aliyekuja na gauni la kijani? Alifika mbele ya foleni ya pepopunda, akainama akakunong'oneza, "Sista, nimesikia hii sindano inafunga kizazi." Wewe hukunong'ona. Ulipaaza sauti foleni nzima isikie: "Umesikia wapi? Sokoni? Basi nenda ukazalie sokoni!" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Yule mama akatoa mkono wake huku anaangalia sakafu, akadungwa, akaondoka bila kuchukua kadi yake, ikabidi nimkimbilie nayo hadi kwenye lango.

Jioni ile, tukirudi, nilikuuliza kama wewe ulishadungwa ile ya pepopunda. Ulisimama katikati ya njia, mtu wa mkokoteni akatupigia kelele tumpishe.

"Mimi?" ulisema. "Unajua wanaweka nini mle ndani? Mimi bado nataka kuzaa, bana."

Ulilisema bila aibu yoyote, kama mtu anayetaja saa. Halafu ukaendelea kutembea. Kumbe ule ujinga wa sokoni, uliomwaibishia mwenzako mbele ya watu, ulikuwa wako pia. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na adabu ya kuuliza. Ningepaswa kukudharau kuanzia pale pale. Nilichelewa karibu miaka miwili.

Kisha ikaja homa ya uti wa mgongo. Ilianza Kibera, tukasikia ya mtoto wa huyu na mtoto wa yule, na ndani ya wiki chache tukaanza kuwapokea wetu Kawangware: wametapika, shingo zimekakamaa kama ubao, wanalia ukifungua pazia kwa sababu mwanga unawachoma. Hatukuwa na vitanda vya kutosha. Tuliwalaza kwenye mikeka katika kile chumba cha nyuma, wakingoja gari la kuwapeleka hospitali kubwa. Na kila aliyelala pale alitapika, na kila tapishi lilifutwa na mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Mama Wambui, mfagiaji wetu. Wewe umemsahau, kwa hiyo nitakukumbusha. Mwanamke mwembamba wa hapo hapo Gatina, anayeimba nyimbo za kanisa akipiga deki, ana binti mmoja aitwaye Wambui aliyekuwa darasa la pili. Aliimba vizuri. Wagonjwa walimwomba aendelee.

Afisa wa chanjo alipoleta lile sanduku la barafu alituita wote. "Wahudumu wa afya kwanza," alisema. "Nyinyi ndio mnapumuliwa na wagonjwa. Itakayobaki kwenye chupa ni ya wananchi, muwadunge siku hiyo hiyo." Akatuachia chupa, na kadi tupu za wafanyakazi, akasema Ijumaa atarudi kuangalia rejista na kuhesabu chupa zilizotumika.

Alipotoka tu, mlianza kucheka. Nakumbuka kila neno la kile chumba cha chai. Daktari wetu, ambaye hakuwa daktari bali sote tulimwita hivyo, alikuwa na kijiti cha meno mdomoni. Akasema, "Mimi nimekoholewa usoni miaka kumi na tano. Hiyo ndiyo chanjo yangu." Muuguzi mmoja akasema mkono ukivimba atafuaje. Mwingine akasema hizi dawa hujaribiwa kwa Waafrika kwanza. Na wewe, mkubwa wa zamu, ukamalizia: "Hii ni ya raia. Sisi tunajua mambo."

Sisi tunajua mambo! Hakuna hata mmoja kati yenu aliyesoma ile karatasi iliyokuja na chupa. Niliikuta baadaye mmeiwekea mandazi.

Mama Wambui alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Akapandisha mkono wa sweta. "Sista, mimi nidunge. Mimi nataka."

"Umemwona Daktari akidungwa?" ulimwuliza.

"La."

"Umeniona mimi nikidungwa?"

"La, Sista."

"Kwa hivyo wewe ndio unajua kutushinda sisi tuliosoma?"

Daktari akacheka mpaka kijiti kikaanguka. Mama Wambui akacheka pia, kidogo, kama watu wanavyocheka wanapoaibishwa na mkubwa wao. Akashusha mkono wa sweta. Niliuona ule mkono ukishuka, dada. Nimeuona mara nyingi tangu siku hiyo.

Halafu ukaniita kwenye meza, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. "Andika," ulisema. Ukanisomea majina ya wafanyakazi wote, ukanisomea namba iliyokuwa kwenye chupa, nami nikaandika kadi moja moja, safi, bila kukosea herufi. Yangu niliandika. Ya Mama Wambui niliandika. Chini ya kila moja ulitia sahihi yako ile yenye mkia mrefu. Kisha ukazifungua zile chupa ukazimwaga kwenye sinki, moja baada ya nyingine, ili hesabu ya Ijumaa ikae sawa. Nje kulikuwa na akina mama wameanza kupanga foleni tangu walipoona lile sanduku likiingia. Ulitoka, ukafuta mikono kwa aproni, ukawaambia, "Imeisha. Ilikuwa kidogo. Rudini wiki ijayo."

Kila mfanyakazi ulimpa kadi yake. "Wekeni vizuri. Mkiulizwa, onyesheni."

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui. Jumamosi ile, chanjo ilifika Makina, kwenye uwanja wa shule. Hajja Zainabu alinigongea mlango akiwa ameshika wajukuu wake wawili. "Twende, mwanangu, kabla foleni haijafika barabarani."

"Mimi nilishadungwa kazini, Hajja."

Alinitazama. Unajua alivyokuwa na macho ya kukagua. "Jana?"

"Juzi."

"Haya, nionyeshe palipodungwa."

Sikuwa na pa kuonyesha. Hakunisema, wala hakuniuliza neno juu yako, ingawa nina hakika alielewa yote pale pale mlangoni. Alisema tu, "Vaa kitambaa, jua ni kali," akanishika mkono kama mjukuu wa tatu. Nikadungwa baada yake. Iliuma kama kuumwa na siafu, ikaisha.

Na Jumatatu Mama Wambui aliniuliza tukiwa kwenye bomba, yeye na mimi tu, "Akinyi, niambie ukweli. Wewe ulidungwa?" Nikamwambia, "La, hatujadungwa, hakuna aliyedungwa." Niliogopa habari zitakufikia. Niliogopa utaniona mshamba. Ningemwambia ukweli, angekwenda, Makina bado walikuwa wanadunga. Kwa hiyo usidhani nimepanda juu ya meza nikuhukumu nikiwa msafi. Ninapokutemea mate, mengine yananiangukia mwenyewe.

Ilipita kama wiki mbili. Akaja kazini asubuhi ameshika kichwa, haimbi. Ulimpa tembe za maumivu ukamwambia apunguze uvivu. Saa sita tulimkuta ameketi sakafuni kule nyuma, amejifunika uso kwa ile kanga ya kazi, anasema, "Zimeni taa." Hapakuwa na taa iliyowaka. Jirani yake alileta pikapu, tukamlaza nyuma, mimi na wewe tukaenda naye.

Daktari aliyetupokea hospitalini alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wagonjwa walikuwa wamelala hadi kwenye korido. Alimwinua Mama Wambui shingo, akakunja uso, akaagiza vifaa vya kupima maji ya uti wa mgongo. Kisha akapekua mkoba wake kutafuta kitambulisho, akaikuta ile kadi. Alikuwa ameikunja ndani ya leso, pamoja na picha ya Wambui.

"Sista, huyu amechanjwa?"

"Ndiyo," ulisema.

"Una uhakika? Kadi ninaziona nyingi."

"Nilimdunga mwenyewe, daktari. Hiyo ni sahihi yangu."

Yule daktari aliangalia kadi, akaangalia korido, akaangalia kadi tena. "Basi itakuwa malaria imepanda kichwani. Tuanze na hiyo." Na vile vifaa vikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nilikuwa nimeshika miguu ya Mama Wambui. Ilikuwa inatetemeka mikononi mwangu. Nilikuangalia nikingoja useme kitu, maana ulikuwa na nafasi, ulikuwa na dakika nzima, yule daktari alikuwa bado hajafika hata mlangoni. Wewe ulikuwa unatafuta kalamu yako iliyoanguka.

Nilirudi siku ya pili yake, saa sita mchana. Sikukuaga. Nilimtafuta yule daktari wodi hadi wodi, nikamwambia, "Ile kadi niliiandika mimi. Hakudungwa. Hakuna aliyedungwa." Nilitegemea anipige kofi. Hakupaaza hata sauti. Alisema, "Andika jina lako hapa, na ulichoniambia," akanisukumia karatasi huku yeye anakimbia. Maji waliyoyatoa kwenye mgongo wa Mama Wambui yalikuwa meupe kama maji ya mchele. Ndipo akaanza kupewa dawa aliyostahili kupewa jana yake.

Siku ya nne alifungua macho. Tulikuwa tumemzunguka, mamake, Wambui, na mimi, kila mtu anamwita jina. Akatuangalia mmoja mmoja, midomo yetu ikienda. Kisha akapiga kelele, wodi nzima ikageuka: "Mbona mnanong'ona?"

Hajasikia kitu tangu siku hiyo.

Nilipokwambia habari ya ile karatasi, jioni hiyo chumbani, ulikuwa unachagua mchele. Hukuuliza anaendeleaje. Uliuliza, "Uliandika jina langu?"

"Niliandika ukweli."

"Nimekutoa ushago, kule kijijini, nimekulisha, nimekupa kazi, halafu unanichoma? Kwa sababu ya nani? Mtu ambaye hata si wa kwetu?"

Upande wa pili wa mabati Hajja alikuwa anaongea na wajukuu wake, akanyamaza. Hata yeye hakuwa wa kwetu, dada. Yeye aliyekupa chumba bila kukuuliza ukoo. Nilitamani ardhi ipasuke, na si kwa ajili yangu.

Basi mwenye kliniki akatuita. Ukaja na ile yunifomu yako iliyopigwa pasi. Daktari wetu akasema yawezekana ni makosa ya uandishi. Mwenye kliniki akauliza mwandiko ni wa nani. Na wewe, dada yangu, uliyenikunjia nguo wajomba wakiangalia, ukasema kwa upole kabisa, "Ni wa Akinyi. Mtoto alichanganyikiwa na kazi nyingi. Mimi nilitia sahihi nikimwamini."

Nilifukuzwa siku hiyo hiyo. Wewe ulihamia Riruta Satellite, karibu na wenzako wenye adabu, na kabla ya mwaka kuisha ukapata kazi ya uuguzi ng'ambo, na barua nzuri ya sifa mkononi. Mimi Hajja aliniachia kile chumba. Nilirudishwa kliniki baada ya muuguzi mkuu mpya kufika na kupata nakala ya ile karatasi niliyomwandikia daktari. Alisema hawezi kumpoteza mtu aliyejishtaki mwenyewe. Nilikwenda shule ya uuguzi, nimemaliza. Sasa mimi ndiye ninayeshika zamu ya chanjo. Na nikwambie, wale wenzako waliobaki bado wapo. Bado wanasema hii ni ya raia. Kila chanjo mpya ikija, najidunga kwanza mbele yao na mbele ya foleni, mkono wazi, kisha nakaa pale na sindano nikiwaangalia. Wawili wameanza kuja. Daktari hajaja, ila siku hizi hacheki.

Watu huniuliza kama nakuchukia kwa sababu uliogopa. Woga nauelewa, nami niliogopa, na woga wangu ulimgharimu mtu masikio. Nakudharau kwa sababu ulikuwa na woga ule ule wa yule mama wa gauni la kijani, ukauvika yunifomu, ukauita elimu. Ukawacheka waliouliza. Ukamcheka aliyetaka. Na ulipotakiwa kusema neno moja la kweli, neno ambalo lisingekugharimu hata tone la damu, ulitafuta kalamu.

Ningekaa kimya, labda. Lakini wiki iliyopita ilifika barua yako, ya kwanza tangu uondoke, pamoja na picha yako umesimama mbele ya hospitali. Umeandika hivi, nanakili nisije nikakusingizia: "Hapa hawana mchezo, Akinyi. Kabla hata sijaonyeshwa wodi nilidungwa sindano tano. Ya ini, ya pepopunda, na nyingine hata sikuuliza ni za nini. Wanatujali sana."

Hata hukuuliza ni za nini.

Niliisoma nimesimama posta, nikaisoma tena nikiwa natembea. Halafu nikaipeleka Gatina, kwa Mama Wambui. Siku hizi anashona sweta za shule kwa mashine, kwenye veranda ya mamake. Husoma midomo ukiongea polepole, lakini sikuweza kulisema hilo kwa mdomo wangu, kwa hiyo nikampa barua yenyewe. Aliacha mashine. Alisoma kurasa zote mbili, kidole chini ya kila mstari, na Wambui amesimama nyuma yake anasoma pia. Nilingoja alie, au aichane. Nilikuwa tayari kwa lolote.

Alinirudishia. Kisha akasema, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe, mpaka wapangaji wakatoka milangoni:

"Mwandikie, mwambie ni vizuri. Huko pia kuna wafagiaji."

Akashika gurudumu la mashine, akaendelea kushona.

Nami nimekuandikia alichosema. Langu la kuongeza sina. Usinitumie picha nyingine.

Ni mimi,
mdogo wako, mwenye mwandiko mzuri.